Mwaka Tulipoligeuza Korongo

Jiko la mama mkwe wangu liliondoka na maji mchana kweupe, moto ukiwa bado unawaka ndani.

Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa nyumba kubwa, yeye na mimi, tukiitazama mvua. Mkononi alikuwa na mwiko, kwa sababu ndiyo kwanza ametoka jikoni kuja kuniuliza kama chumvi imebaki. Tukasikia mngurumo kutoka upande wa mlima, mzito, kama lori la ngano linapopanda kilima kwa gia ndogo. Halafu maji yakaruka ukingo wa korongo, mekundu, yamebeba magogo na mawe, yakapita kati ya nyumba na zizi. Jiko lilikuwa la miti na udongo, na mimi nilidhani litasambaratika. Halikusambaratika. Liling'oka zima zima, likazunguka kidogo kama mtu anayetafuta njia, likateremka na moshi wake.

Mama mkwe alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea. Kisha akasema, "Ugali ulikuwa karibu kuiva."

Nilijibana nisicheke. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, na kwetu bibi harusi hacheki ovyo mbele ya mama mkwe wake. Lakini mabega yakanisaliti. Aliponiona natetemeka akadhani nalia, akanishika kidevu kunigeuza, akauona uso wangu. Akaangua kicheko. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye kizingiti, mvua inatupiga miguuni, na mbuzi wanalia zizini. Tangu siku ile sikumwogopa tena.

Mimi nilizaliwa juu, Mbulu, kwenye ukungu na baridi, ambako mashamba yamelala kwenye miteremko na mtoto anajua kuchimba mfereji wa kupitisha maji kabla hajajua kusoma. Niliolewa Gendabi, chini ya mlima Hanang. Baba yangu alipoambiwa ni Gendabi aliuliza jambo moja tu: "Udongo wake ukoje?" Wakamwambia ni mzuri, mweusi, unalisha. Akaridhika. Hakuna aliyemwambia kwamba udongo huo una tabia ya kusafiri.

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Siku zile hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia. Matrekta yalikuwa makubwa kuliko nyumba yetu, na wakati wa kulima yalikwenda mchana na usiku bila kupumzika. Jumamosi jioni alirudi juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope, ananukia dizeli, ana konzi ya ngano mfukoni kwa ajili ya mama yake, ambaye aliitafuna mbichi huku akisema haina utamu wa mtama. Mtu akisimama mlimani aliona mashamba yale yanafika mpaka macho yanapochoka, kijani mwezi huu, dhahabu mwezi ule. Nami nilipoyaona mara ya kwanza nilisema ni mazuri, na yalikuwa mazuri kweli.

Lakini tambarare ile ilikuwa na wenyewe kabla ya ngano. Majirani zetu Wadatoga, wafugaji, walikuwa wakipitisha ng'ombe humo kwenda kwenye maji na kwenye chumvi. Jembe lilipoingia, njia zao zikazibwa moja baada ya nyingine. Ng'ombe wote waliokuwa wakitawanyika huko wakaanza kushuka kwa njia moja nyembamba, ile iliyopita pembeni mwa shamba letu, wima, kutoka mlimani mpaka chini. Kwato zikaila njia. Njia ikawa mfereji, mfereji ukawa korongo, na korongo likawa kubwa hata ng'ombe akiingia ndani huoni pembe zake. Kila mvua ya mlimani ilikuwa na barabara yake tayari, na barabara ile ilikuja moja kwa moja kwetu.

Siku ya pili baada ya gharika alikuja jirani yetu wa chini, mama wa Kidatoga wa makamo, mrefu, amevaa sketi ya ngozi yenye pindo nyingi na bangili za shaba tangu kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Kuzunguka macho alikuwa na chale za duara, kwa hiyo kila alipokutazama ulihisi umetazamwa mara mbili. Alikuwa amejitwika kinu chetu kichwani.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, binti." Akakitua kinu. Akamgeukia mama mkwe. "Kinu chenu kilikuja kwetu kututembelea. Tumekirudisha. Na maji yaliyokileta yamechukua ndama wetu. Hao hawakurudi."

Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, kila neno peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Cha mama mkwe wangu hakikuwa bora zaidi. Wakikutana wawili hao, lugha ya taifa ilipata tabu.

"Pole kwa ndama," mama mkwe akasema. "Lakini ukweli tuuseme. Korongo hili limechimbwa na ng'ombe wenu."

"Ng'ombe hawana jembe."

"Wana kwato."

"Kwato zilikuwa na njia nyingi. Jembe likazila. Jembe liko Basotu." Akanyoosha mkono wenye bangili kuelekea tambarare. "Na anayeliendesha ni mwanao."

Nilishusha macho. Nilingoja mama mkwe alipuke, maana alikuwa na ulimi mkali kuliko pilipili. Aliinama, akapangusa tope kwenye kinu. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mletee mgeni kigoda. Na uwashe moto hapo nje, tunywe uji. Jikoni hatuwezi kukaa, limehama."

Walikunywa uji mpaka jua likapinduka. Sikuyasikia yote waliyoongea, lakini nilimsikia mama mkwe akicheka tena kile kicheko chake cha kizingitini, na yule mama wa Kidatoga akiuliza, kwa mshangao wa kweli, kama jiko lilikwenda na sufuria au sufuria zilibaki.

Mkutano wa kijiji uliitwa juma lile. Bwana shamba alitoka Katesh kwa baiskeli. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu, anayejua kazi yake, ila alikuwa na udhaifu mmoja ambao Hanang nzima iliujua: aliogopa ng'ombe. Alizungumza akiwa ameweka baiskeli kati yake na maksai mmoja aliyekuwa anakula majani karibu. Alitueleza kwamba kuweka mawe chini karibu na nyumba hakutasaidia, kwani maji yakifika huko yameshapata nguvu. Lazima yazuiwe juu, yageuzwe, yapelekwe pembeni kwenye bonde la miamba ambako hakuna anayelima wala kuishi.

Mzee mmoja wa Kidatoga akauliza, "Utayageuzaje maji? Maji hayana pua ya kushika."

Bwana shamba alifikiri, akamtupia jicho yule maksai. "Mzee, kundi la ng'ombe likitoka mlimani mbio, unalizuia wapi?"

"Chini siwezi. Litanikanyaga."

"Sasa?"

"Nalikuta juu, likiwa bado linatembea. Nasimama upande mmoja, linageuka lenyewe."

"Basi kingamaji ndilo litakalosimama upande mmoja," akasema bwana shamba, na kwa mara ya kwanza nikaona wafugaji na wakulima wakiitikia kwa vichwa pamoja. Kingamaji, alivyotueleza, ni tuta refu linalokatiza mteremko, lenye mfereji upande wa juu, na juu yake mkonge na majani marefu ya kushika udongo.

Tatizo lilikuwa njia ya ng'ombe. Ikibaki pale pale, kwato zingelibomoa tuta kabla mvua haijalijaribu. Ilibidi ihamishwe, iende kwa kuzungukazunguka, isishuke wima. Na pa kupitia palikuwa mahali pamoja tu: shamba la mama mkwe wangu, sehemu ya juu, penye mahindi yaliyokuwa yakimletea wivu wa kijiji kizima.

Wanaume walibishana hapo kwa muda mrefu. Wengine walitaka njia izibwe kabisa na wafugaji wapite kwingine, ila hakuna aliyeweza kusema kwingine ni wapi. Wafugaji wakaanza kusimama mmoja mmoja, fimbo begani, kwa namna ya watu wanaoondoka. Mume wangu, aliyekuwa amepata ruhusa ya siku moja, alikuwa akiitazama kofia yake tu. Ndipo mama mkwe akasimama, akajifunga kitenge upya, taratibu, mpaka watu wakanyamaza.

"Njia ipite kwangu," akasema. "Lakini sikieni vizuri. Mavi yote ya ng'ombe yatakayoanguka humo ni yangu. Mtu asije na kikapu."

Kicheko kikapasuka pande zote. Hata maksai alishtuka, na bwana shamba akapanda baiskeli yake kwa tahadhari. Nadhani ni kicheko kile kilichotia sahihi makubaliano yetu. Nyumbani mama mkwe alinieleza hesabu yake: shamba bila samadi ni kama mke bila ndugu, na sasa ng'ombe wa nusu ya kijiji watamletea samadi kwa miguu yao wenyewe.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, ukaanza. Kila nyumba ilitoa mtu, na nyumba yetu ilitoa mimi na mama mkwe. Bwana shamba alipima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, akachomeka vijiti, nasi tukafuata vijiti kwa majembe. Wambulu tuliimba nyimbo zetu za kulima, Wadatoga wakaimba za kwao, na kwa kuwa hakuna upande uliokubali kunyamaza, tuliziimba kwa pamoja, na ajabu ni kwamba majembe yalijua yafuate upi. Vijana wa Kidatoga, ambao walikuwa wanaliona jembe kama adhabu, walichukua kazi ya kubeba mawe, wakashindana nani atabeba kubwa zaidi mbele ya wasichana. Tuta likapanda haraka zaidi kwa sababu ya mashindano yale kuliko kwa sababu ya hotuba yoyote.

Majani nilikwenda kuyatafuta mimi. Nilipanda basi mpaka kwetu Mbulu, nikamkuta baba yangu ameshakata vipande vya mabingobingo kutoka kwenye kingo za shamba lake na kuvifunga kwa magome yenye unyevu. Wakati wa kurudi, kondakta alifungua gunia langu.

"Dada, huu ni mzigo gani? Majani?"

"Majani."

"Unapeleka majani Hanang? Ng'ombe wa huko wamegoma kula ya kwao?"

Basi zima likacheka. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka hospitali ya Haydom, mguu wake umefungwa bendeji, akaniuliza ni ya nini, nikamweleza. Akaniomba vipande viwili, akaviweka kwenye kapu lake pamoja na dawa. "Nyuma ya nyumba yangu kuna korongo dogo," akasema. "Nataka nilikamate likiwa bado mtoto." Wakati huo nami nilikuwa na mtoto wangu tumboni, na nilikuwa nimeanza kuonekana.

Mume wangu naye alileta mchango wake. Alirudi Jumamosi moja na sahani ya jembe la trekta iliyokwisha makali, nzito, pana kama ungo, iliyotupwa kwenye karakana ya shambani, akaomba akapewa. Tuliitundika kwenye mti karibu na kanisa, mahali pa juu, ili mtu atakayesikia mlima unanguruma aigonge na watu wote wakimbilie pale. Mama mkwe aliteuliwa kuisimamia kwa sababu nyumba yetu ilikuwa karibu, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumteua mwingine mbele yake.

Jumapili iliyofuata, katikati ya mahubiri, sahani ikalia. Ililia kwa fujo, kama sufuria elfu zinaanguka. Watu wakatoka kanisani kwa madirisha, na waliokuwa majumbani wakaja mbio. Nilimwona mzee mmoja amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Nilimwona mwanamke amembeba kuku na kumsahau mume wake, ambaye alikuwa mgonjwa wa kiuno. Bwana shamba, aliyekuwa amekuja kukagua mkonge, alijikuta katikati ya kundi la ng'ombe waliofukuzwa kuja juu, akapanda nao kilima amefumba macho, mikono kichwani. Tulipofika wote, tunahema, tukamkuta mama mkwe amesimama na nyundo. Mbingu ilikuwa ya buluu, haina hata wingu.

"Maji yako wapi?" mwenyekiti wa kijiji akauliza.

"Hayapo. Nilitaka kujua kama mnasikia."

Nilidhani watampiga. Yeye aliendelea, akiwahesabu kwa nyundo. "Mlango unaubebea nini, mzee, utamfungia nani? Na wewe, mumeo yuko wapi? Na watu wa chini mbona hawajafika?"

Hapo watu wakatazamana. Kweli, nyumba za chini, za jirani yetu na jamaa zake, hazikuja. Tuliwatumia mtu, akawakuta wanakunywa maziwa. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea mlimani, hawakusikia kitu. Jirani yetu alipopanda kuja kuelezwa, alimcheka kwanza bwana shamba, kisha akasema, "Pembe. Sisi tutapuliza pembe. Chuma kikilia, wa katikati apulize, wa chini asikie." Ikawa hivyo. Na mke wa yule mgonjwa wa kiuno alipangiwa vijana wawili wa kumbeba mumewe, ili yeye aendelee na kuku wake kwa amani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalipenda kuliko yote.

Si kila mfugaji aliikubali njia mpya. Ilikuwa ndefu, na ng'ombe wenye kiu hawapendi kuzunguka. Asubuhi moja nilikuwa kwenye tuta nikipandikiza mabingobingo mapya badala ya yaliyokauka, tumbo langu sasa ni kubwa, nimeinama kwa shida. Akatokea mwanamume mmoja wa Kidatoga, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akishusha kundi lake wima kwa njia ya zamani.

Nikasimama, nikanyoosha mikono. "Baba, shikamoo. Njia imehamishwa. Ni ile kule."

Hakuitikia. Ng'ombe wa mbele akaweka kwato juu ya tuta. Nikabaki nimesimama. Yule mwanamume akainua fimbo juu ya kichwa changu na kusema, "Toka!"

Hakunipiga. Lakini nilirudi nyuma kwa hofu, nikateleza, nikakaa chini kwenye mfereji, pwaa, katika matope, na ng'ombe wakapita pembeni yangu wakiyasaga majani niliyoyatoa Mbulu. Sikuumia. Nililia kwa hasira tu. Nilipoinua macho, ng'ambo ya korongo nilimwona jirani yetu amesimama na kuni kichwani. Alikuwa ameona yote. Aliutua mzigo wake chini, akaondoka kwa hatua ndefu.

Keshoye asubuhi mama mkwe aliingia ndani amebadilika rangi. "Wanakuja," akasema. "Wengi. Wanaimba."

Nikachungulia. Walikuwa wanawake wa Kidatoga, wamejaa njia nzima, sketi za ngozi zinayumba, bangili zinalia, kila mmoja na fimbo. Mbele alikuwa jirani yetu. Mama mkwe alishika jembe. Lakini jirani akasimama nje ya ua na kuita, "Mtoeni binti. Hatuna ugomvi naye. Tuna kesi yake."

Ndipo nilipojifunza kwamba wanawake wa Kidatoga wana baraza lao, na mwanamume akimtendea ubaya mwanamke, hasa mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga, baraza hilo humhukumu, na hakuna mwanamume anayelipinga, kwa kuwa laana ya wanawake hao inaogopwa kuliko risasi. Walikaa kwenye nyasi juu ya korongo. Wanaume walipita mbali wakitazama pembeni. Niliitwa katikati, nikaeleza. Jirani akatafsiri, na nina hakika aliongeza chumvi, kwa maana maelezo yangu yalikuwa mafupi na yake yalikuwa marefu, na kila alipofika kwenye pwaa wanawake wote walipiga kelele.

Mama mkwe, ambaye alikuwa amenifuata na jembe lake, akashindwa kuvumilia. "Lakini huyu si wa kwenu," akasema. "Ni Mmbulu."

Bibi mzee kuliko wote, asiye na jino hata moja, akamjibu jambo. Jirani akatafsiri: "Anasema tumbo halina kabila."

Mama mkwe aliweka jembe chini.

Hukumu ilikuwa fahali mweusi, asiye na doa. Yule mwanamume alimleta mwenyewe mchana ule ule, amevuliwa ukimya wake wote, anaomba radhi kwa kila mwanamke aliyekutana naye njiani, hata asiyehusika. Tuta alilitengeneza kwa mikono yake, akalizungushia miiba pale ng'ombe walipopenyea. Fahali akaliwa na wanawake peke yao, na mimi nilikatiwa nyama nzuri ya mbavu kwa sababu kesi ilikuwa yangu. Mama mkwe alikula, akaimba, na walipoanza kucheza kwa kuruka alijaribu kuruka nao. Alipotua, ardhi iliitikia. Wale wanawake walimshangilia kama msichana. Tulirudi nyumbani jua likizama, mashavu yake yanang'aa kwa mafuta, akaniambia kwa sauti ya mtu anayekata shauri zito, "Sisi Wambulu tumekosea sana kutokuwa na baraza kama lile."

Mvua kubwa ilikuja masika yaliyofuata, alasiri. Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nachambua maharage mlangoni niliposikia ule mngurumo, na kabla sijafungua mdomo sahani ikaanza kulia kanisani. Pembe ikajibu katikati. Nyingine ikajibu chini. Sitasahau sauti zile tatu, na furaha iliyonishika katikati ya hofu, kwa sababu nilijua kila mtu amesikia.

Tulipanda. Safari hii hakuna aliyebeba mlango. Mgonjwa wa kiuno alifika juu kabla ya wengi wetu, mabegani mwa vijana, akitoa maelekezo. Kutoka pale tuliona maji yakiteremka, mekundu, marefu, na kichwa chake kina povu. Yakagonga kingamaji. Yakapanda. Kwa kitambo yalisimama kana kwamba yanasoma kilichoandikwa pale. Halafu yakageuka. Yaligeuka yote, polepole, kama ng'ombe walioona mchungaji, yakafuata mfereji kuelekea bonde la miamba.

Pembeni kabisa tuta likaanza kupasuka. Wanaume waliteremka mbio na mawe na matawi ya miiba, wakulima na wafugaji, na wa kwanza kufika alikuwa yule wa fahali mweusi. Bwana shamba alikuwemo, tope mpaka shingoni, akipiga kelele wapi pawekwe nini, na ng'ombe watatu wamesimama nyuma yake bila yeye kujua. Sehemu ndogo ilipenya, ikachukua mahindi ya mama mkwe kwenye kona. Basi. Nyumba zote zilisimama. Ndama wote walihesabiwa.

Mume wangu alifika kesho yake kwa miguu, lori limekwama njiani, viatu vyake mkononi. Alikuwa amesikia Basotu kwamba mlima umeshuka Gendabi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuandaa kaburi moyoni. Alitukuta tumekaa uani tunakula viazi na maziwa ya jirani. Alisimama, akatuangalia mmoja mmoja, akakaa chini palepale kwenye tope.

"Kaa kwenye kigoda," mama yake akamwambia. "Una suruali moja tu ya heshima."

Baadaye, alipokwisha kula, alisema kwamba nao kule mashambani sasa wameagizwa waache ukanda wa nyasi kando ya makorongo, wasilime mpaka ukingoni.

"Mmeagizwa na nani?" mama yake akauliza.

"Na wakubwa."

"Na wakubwa wameagizwa na nani?"

Mume wangu akafikiri. "Na mvua, nadhani."

Mwanangu alizaliwa siku chache baadaye, asubuhi, katika nyumba ile ile ambayo maji yalikuwa yameipania. Barabara ya kwenda Haydom ilikuwa bado imekatika, hivyo jirani yetu ndiye aliyempokea, mikono yake imara, bangili zake zikigongana juu yangu. Ni msichana. Wanawake wa baraza walileta maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi mtamu, wakamtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, jambo ambalo mama mkwe alilitazama kwa mashaka, kisha akasogeza naye paji lake.

Kwenye bonde la miamba maji yalijikusanya, yakatuama, yakawa bwawa ambalo hakuna aliyelipanga. Mwezi mmoja baadaye bata wa porini walitua humo, hatujui walitoka wapi. Mama mkwe alinifuata nyumbani kuniita. Nilimfunga mtoto mgongoni, tukapanda naye, tukamkuta jirani ameshakaa kwenye mwamba, ng'ombe wake wanakunywa ukingoni. Tukaketi wote. Bata walikuwa wengi, wanapigapiga mabawa, wanafukuzana, kila mmoja ana la kusema.

"Makelele yao," mama mkwe akasema, "kama mkutano wa kijiji."

"Kelele hizi zina nyama," akasema jirani, na wakaanza kubishana kama bata analiwa au haliwi.